Taa haiwaki, au inawaka isipotakiwa: soma dalili kabla ya kupanda ngazi

Katika nyaya zote za nyumba, za taa ndizo nyepesi kuzielewa. Waya wa moto, ambao mafundi wengi huuita laivu, unatoka kwenye breka, unapita kwenye swichi, unafika kwenye holda. Nyutro inatoka kwenye holda na kurudi moja kwa moja bila kupitia swichi. Ethi, waya wa kinga unaokwenda ardhini, inafungwa kwenye kila chuma ambacho mkono unaweza kukigusa. Kwa kuwa njia yenyewe ni fupi hivyo, kila hitilafu ina alama yake, na anayejua kuisoma anaweza kukisia tatizo lilipo akiwa bado amesimama sakafuni. Anayeanza kwa kufungua kila kifuniko mara nyingi huacha matatizo mawili mahali palipokuwa na moja.

Nimeandika kwa ajili ya nyumba za kawaida za huku kwetu, zenye umeme wa volti 230 au 240, waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, na breka ya ampia 6 au 10. Nyumba za zamani bado zina fyuzi za waya. Ukikuta fyuzi ya taa imefungwa waya mnene wa kubahatisha, hilo lenyewe ni tatizo la kwanza la kurekebisha, hata kama taa zote zinawaka.

Kabla ya kugusa chochote

Swichi ikizimwa, umeme haujakatwa. Naliweka mbele kwa sababu watu wengi wanaojeruhiwa wakibadilisha holda walikuwa wamezima swichi ya ukutani na kuridhika. Waya wa moto bado umesimama hadi kwenye swichi. Katika nyumba nyingi umesimama hata darini, ndani ya silingi rozi, kile kikombe cha plastiki kinachoning'iniza waya wa balbu. Tena kuna nyumba ambazo fundi aliikatisha nyutro badala ya moto. Humo, swichi ikizimwa taa inazimika, lakini holda inabaki hai.

Zima breka ya taa. Kama hujui vizuri nyumba ilivyofungwa, zima meni swichi kabisa. Sababu yake ni hii: wapo mafundi wanaokopa nyutro ya mzunguko mmoja kuihudumia taa ya mzunguko mwingine, hasa kwenye ngazi na korido. Unazima breka ya taa, unafungua nyutro ukidhani imekufa, kumbe inarudisha umeme wa friji ya jikoni. Mara tu unapoiachanisha, ncha moja inakuwa na moto.

Kama nyumba ina inveta, sola au jenereta, zima na hiyo. Inveta haijui kwamba upo juu ya ngazi. Kwake meni swichi ikizimwa ni TANESCO imekata, na kazi yake ni kurudisha taa. Bandika tepu juu ya breka uliyoizima, na uwaambie watu wa nyumbani. Mtoto aliyekuwa anaangalia katuni ataifuata breka haraka kuliko unavyodhani.

Kisha pima. Jaribu kwanza tesita mahali unapojua pana umeme, uone inawaka. Pima waya unazotaka kushika, zote, nyutro ikiwemo. Halafu rudi ujaribu tena mahali penye umeme, uhakikishe tesita haikufa katikati ya kazi. Ile tesita ya bisibisi yenye kitaa kidogo ni ya kukisia tu: kwenye jua kali huioni, ukisimama juu ya ngazi kavu ya mbao inaweza kufifia, na wakati mwingine huwaka kwa umeme wa kuambukiza kutoka waya wa jirani. Malti mita, au kipimo chenye ncha mbili, ndicho cha kuamini.

Rangi nazo zina mtego. Nyumba za zamani zina waya mwekundu kwa moto na mweusi kwa nyutro. Utaratibu mpya ni kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro, na ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Ila katika utaratibu huo mpya, kwenye nyumba yenye fezi tatu, yaani waya tatu za moto badala ya mmoja, mweusi ni waya wa moto. Nyumba iliyojengwa miaka ya nyuma na kuongezewa vyumba juzi inaweza kuwa na weusi wa aina zote mbili ndani ya boksi moja. Rangi inakupa wazo. Kipimo ndicho kinachoamua.

Kuhusu nani afanye nini: kubadilisha balbu, holda au swichi iliyokufa kwa nyingine ya aina ileile, mtu mwangalifu anaweza. Kuvuta laini mpya, kuongeza breka au kufungua meni swichi ni kazi ya fundi mwenye leseni, inayotolewa na EWURA kwa Tanzania Bara na EPRA kwa Kenya. Mita na waya unaotoka nguzoni ni mali ya shirika la umeme, na lakiri yake haivunjwi na yeyote mwingine.

Taa moja imekufa, nyingine zinawaka

Breka basi ni nzima, na umeme upo. Anza na balbu: ihamishie kwenye chumba ambacho taa inafanya kazi. Ikiwaka huko, tatizo limebaki kwenye holda, swichi au viungo.

Holda za pini zina vijiti viwili vyenye springi. Joto la miaka mingi huzichosha springi hizo, vijiti vinabaki ndani na havigusi tena kitako cha balbu. Ukanda wa Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na Unguja na Mombasa pia, hewa ya chumvi huivisha shaba ukungu wa kijani, na dalili ni ileile. Huna haja ya kukwangua. Holda ni kitu cha bei ndogo, badilisha.

Kwenye holda za kuzungusha, angalia jambo moja la ziada: waya wa moto lazima uende kwenye kile kidoto cha katikati chini, na nyutro iende kwenye ganda lenye nyuzi. Ukigeuza, taa itawaka vizuri tu, na ndiyo maana kosa hili hudumu miaka. Lakini siku mtu anapobadilisha balbu bila kuzima, vidole vyake vitagusa nyuzi za balbu wakati ganda lina moto.

Kama holda ni nzima, fungua swichi, breka ikiwa imezimwa. Vuta kila waya kidogo. Ule unaotoka mkononi ndio mkosaji. Skrubu hulegea zenyewe kwa kupata joto na kupoa, na pia fundi mwenye haraka hubana juu ya ngozi ya waya badala ya shaba.

Ikiwa swichi nayo haina kasoro, imebaki nyutro, na hii ina alama nzuri sana. Kwa mtu aliyezoea kupima kwenye umeme ulio hai: balbu ikiwa mahali pake na swichi imewashwa, tesita ikiwaka pande zote mbili za silingi rozi, nyutro imekatika mahali fulani kati ya hapo na sanduku la breka. Umeme unapita kwenye balbu, unakosa njia ya kurudi, unasimama upande wa pili ukisubiri. Usikubali mtu akuambie kwamba "moto umeingia pande zote mbili" kana kwamba ni uchawi. Pia usiguse waya huo kwa kuwa ni mweusi.

Taa haizimiki, na ukibonyeza swichi breka inaruka

Dalili hii huja siku mtu anaponunua taa nzuri ya sebuleni, anashusha ile ya zamani na kufunga mpya. Nikiisikia kwa simu huwa siulizi mengi, maana chanzo chake karibu kila mara ni kimoja.

Darini hakukuwa na waya mbili kama alivyotarajia. Kulikuwa na nyaya tatu: mmoja unaoleta umeme, mmoja unaoupeleka kwenye taa inayofuata, na mmoja unaoshuka kwenye swichi na kurudi. Kila mmoja una mwekundu na mweusi. Mwenye nyumba akakusanya wekundu wote pamoja, weusi wote pamoja, akaunga taa. Kwa macho inaonekana ni kazi safi.

Tatizo ni ule mweusi unaotoka kwenye swichi. Huo si nyutro. Mwekundu unashusha moto kwenye swichi, na mweusi unaurudisha juu ukiwa umepitia swichi. Ukiuunga na weusi wengine, taa inapata moto wa moja kwa moja kutoka wekundu, kwa hiyo inawaka daima. Ukibonyeza swichi unaunganisha moto na nyutro uso kwa uso. Hiyo ni shoti, na breka inafanya kazi yake.

Marekebisho: zima meni, tenganisha zote, tambua jozi ya swichi. Njia ya uhakika ni malti mita kwenye kipimo cha mlio, umeme ukiwa umekatwa na waya zote zimeachanishwa. Jozi inayolia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa ndiyo yenyewe. Mwekundu wake unabaki na wekundu wenzake kwenye konekta yao, bila kugusa taa. Mweusi wake unakwenda peke yake upande wa moto wa taa, na uuvishe tepu nyekundu ili atakayekuja baadaye ajue. Weusi waliobaki wanakwenda upande wa nyutro. Na siku nyingine, kabla ya kushusha taa yoyote, piga picha ya waya kwa simu.

Swichi imezimwa, lakini LED inang'aa kwa mbali

Balbu za zamani za nyuzi, zile zenye uzi wa chuma unaopata moto ndani, hazikuonyesha hili, kwa sababu mkondo mdogo kama huo haukutosha kuzipasha. LED inahitaji kidogo mno. Tazama kwanza swichi: kama ina kitaa chake kidogo cha kuonekana gizani, mkondo wa kitaa hicho unapita kwenye balbu. Ondoa kitaa au weka swichi ya kawaida.

Kama haina, kuna sababu mbili. Ya kwanza haina madhara: waya mrefu wa swichi umelala sambamba na waya wenye moto ndani ya bomba moja, na umeme mdogo unaambukizwa. Ya pili ni ile niliyoitaja mwanzo, yaani swichi inakata nyutro na kuacha moto kwenye holda. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Anayejua kupima aweke malti mita kati ya kidoto cha holda na ethi, swichi ikiwa imezimwa. Akipata volti 230 au karibu yake, ni nyutro ndiyo inayokatwa. Akipata chache zinazoyumbayumba, ni za kuambukiza. Hiyo ya nyutro hurekebishwa hata kama mng'ao wenyewe haukuudhi.

Breka inaruka

Wakati inaporuka ndio unaokupa jibu. Ikiruka pale tu unapowasha taa fulani, kosa liko baada ya swichi ya taa hiyo: holda iliyoungua, waya uliobanwa na skrubu ya taa, au ndani ya taa yenyewe. Ikiruka papo hapo unapoirudisha, swichi zote zikiwa zimezimwa, kosa liko kabla ya swichi, mara nyingi darini. Panya hutafuna ngozi ya waya, na dari za jipsamu zina misumari na skrubu zisizouliza bomba limepita wapi. Ikikaa nusu saa ndipo ikaruka, shuku kiungo kinachopata joto au mzigo uliozidi: mtu ameunga pasi au jiko kwenye laini ya taa.

Ikiruka mvua ikinyesha, nenda moja kwa moja kwenye taa za nje. Hapa kinachoruka mara nyingi ni ile breka ya kulinda watu, RCD, inayokata mkondo wa miliampia 30 ukivuja kwenda ardhini. Fungua taa ya ukutani au ya getini na utakuta maji, wakati mwingine siafu, wakati mwingine mjusi aliyekauka. Taa ya nje iwe angalau IP44 (namba ya kinga dhidi ya vumbi na maji) kama ipo chini ya baraza, IP65 kama inapigwa na mvua waziwazi, na waya uingie kutoka chini ili maji yasiufuate hadi ndani. Taa ya ndani iliyofunikwa na mfuko wa nailoni haijawahi kuwa taa ya nje.

Usiweke breka kubwa zaidi ili isiruke. Breka ya ampia 32 kwenye waya wa 1.5 haitaruka, utakaoungua ni waya, ukiwa ndani ya dari.

Taa inakurusha ukiigusa

Mtu akikuambia taa ya chuma au skrubu ya swichi "ina umeme kidogo", zima breka kwanza, maswali baadaye. Kuna waya wa moto unaogusa chuma, na ethi haipo au imekatika. Ingekuwepo, mara nyingi breka ingekuwa imeruka zamani. Nyumba nyingi zina waya wa ethi uliofungwa vizuri kwenye taa, kisha ukakatwa na kuachwa unaning'inia ndani ya sanduku la breka, au fimbo ya ethi nje imeng'olewa kwa ajili ya shaba yake. Taa ya chuma bila ethi isifungwe. Isipokuwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo imetengenezwa na ngozi mbili za kinga na haihitaji ethi.

Usitegemee breka ya kawaida ikuokoe. Ya ampia 6 inalinda waya. Mkondo unaoweza kuua mtu ni mdogo sana kuliko huo. Kama sanduku lako halina RCD, hiyo ndiyo pesa ya kwanza ya kumpa fundi, kabla ya taa za urembo. Na mtu akinaswa usimshike. Zima meni, au msukume kwa ubao mkavu, kisha apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa.

Swichi mbili za ngazi hazielewani

Ya chini inafanya kazi pale tu ya juu inapokuwa upande fulani. Kila swichi ya tuwei ina tundu moja la pamoja na mawili ya kusafiria. Mtu alibadilisha swichi na kuuweka waya wa pamoja kwenye tundu la kusafiria. Tafuta alama kwenye plastiki, kwa kawaida C au COM, maana nafasi ya tundu hilo hutofautiana kwa kila kiwanda. Mara nyingi kuhamisha waya mmoja kunatosha.

Taa mbili hafifu

Zimeunganishwa kwa msururu, moja ikila nusu ya volti na nyingine nusu. Ukichomoa balbu moja na ya pili ikazimika, umethibitisha. Kila taa ipate moto wake na nyutro yake.

Balbu hazidumu

Angalia kivuli cha taa kwanza. LED ndani ya kikombe cha kioo kilichofungwa pande zote haina pa kutolea joto, na kinachokufa ni mtambo mdogo ulio kitakoni. Taa za kuzamisha kwenye jipsamu ziachiwe nafasi ya hewa juu yake. Balbu ya nyuzi ya wati 100 kwenye kivuli kilichoandikwa mwisho wati 60 huikausha holda mpaka ikapasuka. Baada ya hapo shuku kiungo kilicholegea, hasa ukisikia mlio wa kukaanga au kuona plastiki imekuwa kahawia. Hapo zima na usiwashe tena hadi kifunguliwe. Mwisho ni umeme wenyewe. Ukiwa mbali na transfoma, jioni volti hushuka na usiku wa manane hupanda. Soma boksi kabla ya kununua: iliyoandikwa 85–265V itavumilia kuliko iliyoandikwa 220–240V.

Tyubu

Ncha zinang'aa na katikati hakuwaki: badilisha stata, kile kikopo kidogo cha kuiwashia tyubu. Ncha zimekuwa nyeusi: tyubu imezeeka. Inavuma: choki, lile boksi zito la chuma ndani ya fremu ya taa. Ukiamua kuweka tyubu ya LED, soma karatasi yake, kwa kuwa nyingine zinapokea moto na nyutro upande mmoja na nyingine zinapokea pande mbili, na nyingi zinataka choki iondolewe.

Taa zote zinapepesa, au chumba kimoja kikali na kingine hafifu

Zikipepesa zote kwa pamoja, uliza jirani. Kama na zake zinapepesa, tatizo liko nje. Kama ni kwako peke yako, kiungo kimelegea kwenye meni swichi au kwenye waya unaoingia, na si cha kukibana mwenyewe.

Lakini nyumba yenye fezi tatu ikianza kuonyesha taa kali kupita kawaida upande mmoja na hafifu upande mwingine, tena ikibadilika kila pampu au jiko linapowashwa, usikae kutafuta swichi. Nyutro kuu imekatika au inakaribia. Laini moja inaweza kupanda kuelekea volti 400, na kila kilichochomekwa humo kitaungua, kuanzia balbu hadi televisheni. Zima meni sasa hivi, chomoa vitu, kisha ripoti kwa shirika la umeme. Fundi wa mtaani naye asiirudishe meni mpaka nyutro ipimwe kutoka nguzoni.